Beki Mkongwe Asiye na Mkataba: Nasaha kwa Mpwa

Kigongo, Misungwi
Kwa mpwa, katibu wa timu

Beki mkongwe aliye huru ni mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, klabu ikaamua kutoendelea naye au wakashindwana dau. Timu inayomtaka haimlipi mtu mwingine ada ya uhamisho. Inazungumza naye mwenyewe. Hata fidia ya mafunzo, ambayo kanuni za FIFA huzipa klabu zilizomlea mchezaji, haimhusu mtu wa miaka 34, kwa kuwa hukoma baada ya mwaka wa kutimiza miaka 23. Ndiyo maana majina ya wakongwe hutajwa sana kwenye vikao vya timu zenye mfuko mdogo, na ndiyo maana huitwa usajili wa bure. Gharama yake hujitokeza baadaye, kwenye mshahara.

Kanda ya Ziwa inao mfano wake. Kelvin Yondani, aliyezaliwa 1984, alicheza Simba, akahamia Yanga 2012, na kukaa huko hadi 2020 pande mbili ziliposhindwa kuelewana juu ya mkataba mpya. Akapitia Polisi Tanzania, kisha mwaka 2021 akachukuliwa na Geita Gold, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Msimu huo wa 2021/22 Geita, chini ya kocha Fred Felix Minziro, ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu uliofuata Pascal Wawa, raia wa Ivory Coast aliyeachana na Simba akiwa na miaka 36, alikwenda Singida Big Stars, nayo ikiwa imetoka kupanda. Ikamaliza ya nne vilevile.

Mifano hiyo isisomwe kwa pupa. Geita ilikuwa na George Mpole, mfungaji bora wa ligi mwaka ule kwa mabao 17, na Singida ilikuwa na fedha za kusajili wachezaji wengi. Si haki kusema kwamba beki mzee alizibeba timu hizo. Mchango wa mchezaji wa aina yake huonekana pengine. Timu iliyopanda huwa na vijana wenye mbio, lakini inapoongoza bao moja ugenini dakika ya 85, kila mmoja hukimbilia mpira na ukuta unafunguka. Mkongwe hubaki mahali pake. Huwapanga wenzake kwa sauti. Anajua wakati wa kuubutua mpira nje, wakati wa kumwacha mshambuliaji apokee akiwa ameipa goli mgongo, na wakati wa kutomgusa kabisa ndani ya kumi na nane. Anayenufaika kuliko wote ni kipa kijana, ambaye kona zote zilikuwa zikimwangukia yeye peke yake.

Kinachompungukia ni mbio za kurudi. Akipangwa kwenye timu inayosogea mbele na kuacha uwanja mtupu nyuma yake, winga wa miaka 20 atamwaibisha mbele ya watu, na kosa litakuwa la aliyempanga. Timu yake hulazimika kukaa chini kidogo, kiungo mkabaji asimame mbele yake, na pacha wake awe kijana mwenye kasi. Kocha asiyekubali kubadili mfumo wake hana sababu ya kumtaka.

Safari nazo zihesabiwe. Ligi Kuu ina timu 16, yaani michezo 30 kwa kila timu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeiondolea timu inayotoka Mwanza kwenda Geita au Bukoba adha ya kusubiri kivuko. Lakini Dar es Salaam bado ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na mwili wa miaka 35 ulioshinda ndani ya basi hauwi tayari kwa mechi ya pili ndani ya wiki moja. Timu yenye busara humhesabia michezo 20, mingine humwachia kijana.

Kuhusu mkataba, kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wake utegemee majibu ya vipimo vya afya. Ukishasainiwa, umesainiwa. Kwa hiyo magoti, nyonga na misuli ya nyuma ya paja vipimwe kabla ya kalamu kushikwa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, haiko mbali. Haraka haina sababu: mchezaji huru anaweza kualikwa mazoezini wiki mbili akatazamwa. Malipo nayo yasichukuliwe kirahisi: mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza, baada ya notisi ya siku 15, kuvunja mkataba na kudai fidia, na deni hilo lisipolipwa klabu hufungiwa kusajili. Timu zilizofika hapo mara nyingi zilianza na ahadi iliyotolewa kwa furaha siku ya kutambulisha mchezaji.

Linabaki jambo zito kuliko yote, nalo ni kijana aliyepo. Kama timu ina beki wa miaka 19 aliyekwisha kuonyesha uwezo, mkongwe asiletwe kumweka benchi. Aletwe kucheza kando yake, au asiletwe. Msimu mmoja mzuri hauhakikishi kesho: Geita Gold iliyomaliza ya nne ilishuka daraja msimu wa 2023/24, misimu miwili tu baadaye.

Timu iliyopanda, inayofungwa kwa kona na mipira iliyokufa, na yenye mishahara ya msimu mzima mkononi, imsajili beki huyo kwa mwaka mmoja. Isiyo na fedha hizo imshukuru kwa heshima na kumwachia aende kwingine.

Mjomba