Mjomba kanikalia kooni Ujiji

Jamani, najua nimeadimika. Nilikuwa likizo nyumbani Kigoma, mwisho wa reli. Nimerudi na dagaa, galoni la mawese na swali la mjomba. Dagaa na mawese vimeshaisha (majirani zangu wa hapa Dar mnajijua). Swali bado ninalo.

Kisa nilikianzisha mwenyewe. Kabla ya kusafiri niliandika makala gazetini nikitetea kwamba wanajeshi nao waingizwe kwenye mfuko wa kuchangia pensheni, kama watumishi wengine wa umma. Hoja yangu ilikuwa fupi. Askari polisi na wa magereza wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa, na kikokotoo kinawahusu. Mwanajeshi wa JWTZ pensheni yake inatoka Hazina moja kwa moja. Nikauliza, kwa nini yeye abaki pembeni wakati Serikali inatafuta pa kubana matumizi? Nikapanga asilimia zangu, nikajiona mchumi.

Sasa mjomba wangu ni sajenti mstaafu wa jeshi. Anakaa Ujiji, si mbali na ile Kumbukumbu ya Livingstone. Nilishuka kwenye daladala nikamkuta barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndiye wewe unayetaka tukatwe?"

Gazeti lilikuwa mapajani, limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Hata maji sikupewa kwanza.

Mjomba alivuka Mto Kagera mwaka 1979 akiwa kijana mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Anaikumbuka vizuri ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. "Siku ile hakuna aliyetuambia uwezo una kikomo," akasema. Vita ilipokwisha nchi iliambiwa ifunge mkanda miezi 18. Wote tunajua ile miezi 18 ilivyorefuka. Wanamgambo wengi walirudishwa vijijini, mjomba akabaki jeshini mpaka akastaafu.

Akaniuliza kama najua kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilikuwa shilingi ngapi. Nilikuwa najua, nimeandika habari hizo: shilingi 50,114 kwa mwezi, hadi Julai 2015 kilipopandishwa kuwa 100,125. Yeye alikuwa mmoja wa waliokuwa kwenye kima hicho hicho.

"Haya, hapo ungebana wapi?"

Nikajitetea kwamba simzungumzii yeye, nazungumzia mfumo. Mjomba hakujibu. Akamtuma mtoto akamwite jirani, askari polisi aliyestaafu mwaka 2023. Jirani akaja na kikokotoo cha kichwani, maana kwa muda ule alikuwa ameshakariri kila kitu.

Kwa mtakaohitaji kumbukumbu: waliokuwa PSPF walizoea kulipwa nusu ya mafao kwa mkupuo, na nusu kama pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 kanuni mpya zikashusha mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zikapigwa, na Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akasitisha, akataka utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Lakini Julai 2022 kikaja kikokotoo kimoja kwa wote, mkupuo asilimia 33.

Tukachukua mfano, mshahara wa milioni moja na utumishi wa miaka 30. Kwa hesabu ya zamani (1/540, kizidisho 15.5) mkupuo ni shilingi milioni 62, na pensheni ni 333,333 kwa mwezi. Kwa hesabu ya 2022 (1/580, kizidisho 12.5) mkupuo ni milioni 30.7, na pensheni ni 415,862. Wakubwa walikuwa sahihi waliposema pensheni ya mwezi imepanda. Imepanda kwa shilingi 82,529. Lakini mkupuo umepungua kwa milioni 31.3. Ili nyongeza ya kila mwezi ifidie pengo hilo, mstaafu anatakiwa aishi zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu.

Makala yangu ilikuwa na asilimia nyingi, lakini hesabu hii haikuwamo. Nilikuwa nayo uwezo wa kuifanya, sikuifanya.

Jirani alikuwa amepanga kununua boti na injini, avue dagaa Kibirizi na wanawe. Kwa nusu ya zamani angenunua na akabakiwa na chenji. Kwa theluthi akamaliza nyumba tu, boti ikabaki mpango. Mwaka 2024 Bungeni mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lake, na hilo tulisifu. Ila ukipandishwa baada ya kushushwa, bado hujafika ulipokuwa.

Nikatoa hoja yangu ya mwisho: mfuko ulikuwa unaelekea kufilisika. Jirani akacheka. Nani aliufilisi? Watumishi walioajiriwa kabla ya PSPF kuanza mwaka 1999 walilipwa na mfuko mafao ya miaka ambayo Serikali haikuwachangia. Mwaka 2021 Serikali yenyewe ilitoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Kwa hiyo tundu halikutobolewa na konstebo.

Jioni mjomba akapoa. Tukala migebuka, akaanza habari za zamani, za Liemba, ile meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg na kuungwa hapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe. Askari weusi wa Mjerumani waliendelea kupigana, wakaweka silaha chini Novemba 1918 kule Abercorn, leo Mbala, kusini mwa ziwa letu hili. Mshahara wao ulibaki deni. Ni mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoamua kuwalipa waliokuwa bado hai, na dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wachache tu walikuwa na vyeti. Basi mlipaji akawapa wazee fagio badala ya bunduki, akawaamuru kwa Kijerumani. Kila mzee alitii amri sawasawa.

Mjomba anaipenda hadithi hiyo kwa sababu ya fagio. Ana bahasha ya barua yake ya kustaafu anayoilinda kuliko hati ya nyumba, kwa ajili ya uhakiki. Mimi nilibaki na ile miaka 46. Wengi walishakufa. Kumbe kuchelewesha nako ni kubana matumizi, tena bila kupitisha sheria.

Basi nasahihisha makala yangu. Sisemi Serikali isibane matumizi, wala sisemi jeshi lisiguswe milele. Kijana anayeingia jeshini mwaka huu anaweza kuwekewa masharti mapya, akayasoma, akakubali au akaenda zake kuvua. Lakini aliyekwisha kutoa miaka 30 alishamaliza upande wake wa mkataba. Huwezi kumrudishia ujana ili achague upya. Ukimpunguzia yeye, umekopa kwake bila kumuuliza.

Hilo swali la mjomba aliniuliza pale stesheni, treni ikiwa inapiga honi: "Wewe umri ukifika, unataka nani akuandikie makala?"

Sikuwa na jibu. Kama mnalo, nisaidieni.