Friji Kuukuu Isitupwe Upesi

Hapa Kolwezi mtu akiona friji ya zamani nyumbani mwa mwenziwe, husema upesi, "Itupeni!" Mimi yangu sikuitupa. Baba aliinunua katika miaka ya 1970 kwa mshahara wa mgodini, na leo ndani yake imo insulini ya mama, ambaye ana ugonjwa wa sukari. Dawa hiyo, kabla haijafunguliwa, yataka baridi ya nyuzi 2 hata 8. Ikipata joto nguvu zake hupungua, nayo ikiganda haifai tena kabisa.

Kwa hiyo nimeweka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji, nacho nakisoma asubuhi na jioni. Mkono wa mtu si kipimo, ingawa jirani zangu wote hupima kwa mkono.

Joto likipanda, kwanza nafunga mlango juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ikitoka bila kuvutwa, mpira wa mlango umechoka. Nauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiwa umepasuka, hauna dawa ila kubadilishwa. Kisha nageukia mgongo wa friji. Wasomaji wa huku walijua vumbi letu jekundu la kiangazi, litimuliwalo na malori ya migodi. Hujishikiza katika yale mabomba meusi, na joto lililotolewa ndani halipati pa kutokea. Nachomoa waya wa umeme, nasugua kwa brashi laini. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

Barafu ikizidi, naizima friji, naiacha iyeyuke yenyewe, na dawa hukaa kivulini katika chungu kilicholoweshwa maji. Kisu ni mwiko, maana hutoboa ukuta mwembamba, gesi ikatoroka.

Umeme wetu watoka mto Lualaba, kwenye mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa katika miaka ya 1950. Lakini hukatika, na kurudi kwa kishindo. Ukirudi, nangoja dakika tano kabla ya kuiwasha, ili msukumo wa gesi mabombani utulie, mashine isiungue.

Gesi yenyewe simruhusu mtu kuigusa. Friji nyingi za miaka ile zilitiwa R12, iharibuyo tabaka la ozoni, ambayo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliamuru ipunguzwe na hatimaye ikomeshwe. Fundi mmoja alitaka kunitilia R600a ya friji mpya. Gesi hiyo yawaka moto, na swichi zilizomo ndani ya friji ya zamani hutoa cheche. Nikamshukuru, nikamlipa nauli yake.