Majirani Wawili katika Kioo

Mtu afugaye viumbe vya mwambani katika tangi la kioo hujivunia kwanza maji yake. Huyataka yawe maangavu, hata punje za mchanga zihesabike. Ndani yake matumbawe laini huyumba polepole, na kando yao, katika ufa wa jiwe, mnyoo wa bahari aliyejichimbia ndani ya mrija wake huchanua taji la manyoya lenye michirizi ya kahawia na nyeupe. Kivuli kikimpitia, hulivuta taji ndani kufumba na kufumbua. Atazamaye huona ujirani mwema. Asichokiona ni kwamba mmoja wa majirani hao huenda anakufa kwa njaa.

Matumbawe laini ya jamii za Sarcophyton na Sinularia, yapatikanayo pia katika miamba ya Afrika Mashariki, hayategemei kinywa peke yake. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao huugeuza mwanga kuwa chakula na kumgawia mwenyeji wake. Taa ikiwa nzuri, sehemu kubwa ya riziki imekwisha kupatikana.

Mnyoo huyu, wa ukoo wa Sabellidae, hana mpangaji wa namna hiyo. Manyoya yake si pambo: ndiyo chujio lake, na ndiyo apumuliayo. Katika jamii zilizochunguzwa, chembe kubwa zinazonaswa hutupwa, za kati huchanganywa na ute zikajengea mrija, na ndogo kabisa ndizo zipelekwazo kinywani. Kwa hiyo maji matupu kwake ni sahani tupu. Vichujio na mashine ya kutoa povu, ambavyo mwenye tangi amevinunua kwa fedha nyingi, humwondolea mnyoo chakula mchana na usiku. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na hapa hata mwenye nyumba hamjui.

Hamjui kwa sababu njaa hii haina kelele. Mnyoo aliyedhikika huweza kuliangusha taji lake, kisha akaota jingine baada ya majuma kadhaa. Mwenyewe hufurahi kuona limerudi. Lakini taji la mnyoo asiyelishwa mara nyingi hurudi dogo kuliko la kwanza, na lifuatalo dogo zaidi, mpaka siku mrija unapokutwa mtupu.

Tena matumbawe laini nayo si majirani wapole kama yaonekanavyo. Hutoa kemikali, zikiwamo zile ziitwazo terpini, ili kuwazuia wengine wasiyasonge. Baharini mkondo huzichukua. Katika tangi hubaki zikizunguka. Mkaa maalumu wa kuchujia huzipunguza, na nafasi ya kutosha baina ya viumbe husaidia.

Dawa ya njaa yenyewe si ngumu, ila yataka subira: mwani mdogo mdogo utiwe kidogo kidogo, mara nyingi, mashine ya povu isimamishwe kwa muda wakati wa kulisha, mkondo uwe wa wastani, kisha maji yabadilishwe kwa ratiba ili mabaki yasiozee ndani. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Kimarekani jinsi alivyofuga viumbe vya bahari kwa maji ya bahari yenyewe, mawe yenye uhai na mapovu ya hewa tu. Alijua kwamba bahari si maji yenye chumvi tu, bali ni maji yenye watu wake.

Mkataba wa kimataifa wa CITES husimamia biashara ya matumbawe magumu. Sarcophyton, Sinularia na minyoo hawa hawamo katika orodha zake. Tumbawe laini moja, liuzwalo Ulaya na Marekani kwa jina la mti wa Kenya, hukatwa vipande na kuoteshwa humo humo matangini, na kila kipande hukua. Mnyoo kwa kawaida haoteshwi hivyo. Wengi wa wauzwao wameng'olewa baharini. Basi mnunuzi asiyekuwa na nafasi ya kumlisha ajiulize kabla ya kulipa, wala asingoje taji lianguke. Matumbawe yatampendezesha kioo chake. Mnyoo na aachwe katika ufa wake, ambako kila maji yajaapo humletea chakula.