Usiniambie ni chungwa gani, niambie limekaa juu ya nini

Kila wiki TikTok inaniletea msee amesimama katikati ya michungwa, shati safi, akisema ekari moja itakutoa kwa nyumba ya kupanga. Hajawahi hata siku moja kuinama atuonyeshe pale chini, juu kidogo ya udongo, mahali mti mmoja ulipounganishwa na mwingine. Na enyewe doo yako yote iko hapo.

Mchungwa wa kununua ni miti miwili. Juu ni Valencia au Washington Navel. Chini ni shina na mizizi ya ndugu yake, na huku Kenya mara nyingi ni lile limau lenye ganda la mabonde mabonde. Huyu wa chini ndiye anachangia kuamua kama mti utavumilia kiangazi, utakua mkubwa kiasi gani, na kama mizizi itaoza maji yakituama. Hilo limau linahimili ukame poa, lakini kuoza huko kunalimaliza.

Mbona najali? Mjomba wangu ana michungwa Makueni. Hiyo ndiyo ilinilipia karo hadi siku niliyoacha chuo (hiyo ni stori ingine). Sasa majani yana manjano ya mabaka, upande mmoja haufanani na mwingine. Matunda ni madogo, yamepinda, machungu. Afisa wa kilimo alisema ni grining. Hakuna dawa ya kuuponya. Bakteria inakaa ndani ya mishipa ya mti, na inasambazwa na kadudu kadogo kuliko punje ya mchele. Florida iliugundua 2005. Msimu wa 2003–04 walivuna maboksi zaidi ya milioni 240 ya machungwa. Msimu wa 2022–23 hawakufika hata milioni 20. Vimbunga pia viliwapiga, lakini grining ndiyo ilianza kuwamaliza.

Mjomba akanipigia: "Wewe kijana wa mitandao, nitafutie hii miche ya maabara. Nasikia haigonjeki."

Nimesoma wiki mbili, manze. Wanachukua kipande cha tawi changa chenye jicho, wanakiosha kwa dawa ya klorini, wanakiweka kwa chupa yenye agari, sukari na madini. Mchanganyiko maarufu zaidi ni wa Murashige na Skoog, wa 1962, na bado unatumika. Homoni moja inafanya jicho litoe machipukizi mengi. Yanakatwa, yanagawanywa kwa chupa zingine, yanazaa tena. Halafu homoni inabadilishwa ili yatoe mizizi. Mwisho ni kuyazoesha hewa ya nje, na hapo mengi yanaweza kufa, kwa sababu jani lililolelewa kwa chupa halijui kuzuia maji yasitoke. Ni kama kumtoa mtu Limuru na kumwangusha Garissa saa saba mchana.

Lakini sifa zingine ni za kuuza tu. Mbegu moja ya lile limau hubeba viinitete kadhaa, na vingi ni nakala kamili ya mama. Yaani limejinakili lenyewe, bila maabara. Mtu akikuuzia mche wake mara tatu ya bei kwa sababu ni wa tishu kalcha, muulize unalipia nini haswa. Maabara inasaidia pale shina linatakwa kuliko mbegu zake. Florida ilifika huko na shina linaloitwa US-942: kila mtu alilitaka, mbegu hazikutosha, vitalu vikageukia chupa na vipandikizi.

Na chupa peke yake haitibu. Kata jicho kwa mti mgonjwa na unaweza kuzalisha wagonjwa wengi wanaofanana. Kusafisha ni kazi tofauti: chini ya darubini wanakata ncha ya chipukizi, sehemu moja au mbili za kumi za milimita, wanaipandikiza kwa kimche kilichooteshwa ndani ya chupa, kisha wanaipima. Na lile jicho la Valencia la juu lazima pia litoke kwa mti uliopimwa, la sivyo umeweka kichwa kigonjwa kwa mwili mzima.

Nikampigia Mjomba. Nikamwambia miche tutanunua kwa kitalu kilichosajiliwa, wenye kutuonyesha karatasi za KEPHIS na kutuambia shina ni lipi. Akasema sawa. Nikamwambia tena mche msafi hauna kinga. Ukiupanda kando ya mti mgonjwa, kale kadudu kanavuka tu.

Akanyamaza. Yake alishakubali kuing'oa. Lakini ng'ambo ya ua kuna michungwa ya jirani, ya manjano vilevile, na bado inampa magunia machache ya kuuza Wote.

"Hiyo nayo nitamwambiaje?" akauliza.

Wanaonana Jumapili baada ya kanisa. Miche sijalipia bado.