Fundi Haulizi Kimo

Ukitaka meza hapa Nairobi, shuka kwa mafundi wa kando ya Barabara ya Ngong. Fundi atakuuliza urefu, atakuuliza upana, atakuuliza kama unataka mahogani au saiprasi. Kimo hakuulizi. Miguu itakatwa inchi 30 hivi, uwe mchezaji wa mpira wa kikapu au nyanyake mtu.

Sasa fikiria hiyo meza inafanya nini kejani. Kwangu iko moja tu. Hapo nakula, nakatakata nyanya, napiga pasi, nachapa kazi kwa laptopu mpaka usiku. Jichunguze leo ukiwa kwa yako. Ukipiga pasi unainama. Ukichapa, mabega yanapanda kuelekea masikioni. Ukila ugali unavuta kiti nyuma, unaifuata sahani kwa shingo. Meza imetulia tuli, mwili ndio unajikunja kuizunguka. Halafu usiku tunalaumu mto.

Kila kipimo kina mtu ndani yake. Msanifu majengo Le Corbusier alichapisha kitabu chake cha vipimo, Le Modulor. Mwanzoni alipimia mwanamume wa sentimita 175, baadaye akamrefusha hadi 183, yaani futi 6. Kitabuni inasimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa riwaya za upelelezi za Kiingereza, ambamo wanaume wa kuvutia huwa na futi 6. Ati riwaya! Mama yangu ana futi 5 na inchi 1, na hajawahi kuwa polisi wa Uingereza.

Watu wa Pwani walishamalizana na hili swali zamani. Angalia mbuzi ya kukunia nazi: kigoda kifupi, chuma chenye meno kimechomoza mbele. Unakikalia, uzito wako unakishikilia kisiteleze, mikono inafanya kazi mbele ya magoti, sahani chini inapokea nazi nyeupe iliyokunwa. Aliyebuni hicho kitu hakuanza na mbao. Alianza na mtu aliyeketi na nazi mkononi.

Mama huuza chapati asubuhi mtaani kwetu. Hizo chapo zimenilipia karo, na hadi leo ndizo zinalipa kodi ya nyumba yake. Mwaka jana goti lilikataa. Daktari akamwambia apunguze kusimama, kwa hivyo akaanza kukanda unga akiwa ameketi kwa meza ya kulia chakula. Wiki chache baadaye mabega yakaanza kuuma, usiku hawezi kulalia upande wowote. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nafikiri hii biashara imenitosha." Alisema polepole, kama mtu anayeaga.

Nilichukua futi ya kupimia. Akiketi, kiwiko chake kiko inchi 25 kutoka sakafuni. Meza ina 30, na juu yake kuna beseni. Alikuwa anakanda unga usawa wa kifua! Kazi ya kutumia macho, kama kushona, inafaa iwe juu kidogo ya kiwiko. Kazi nyepesi, chini kidogo. Kazi ya nguvu inashuka zaidi, ndio uzito wa mwili usaidie. Yeye uzito wake haukuwa na pa kushukia. Mabega ndiyo yalibeba kila kitu.

Tukapanga kreti za soda, vitabu vyangu vya zamani na ubao juu. Anakanda, natoa kitabu. Anakanda tena, natoa kingine. Tulipofika inchi 23 mabega yake yalishuka yenyewe, bila kuambiwa. Hapo nikajua.

Fundi alicheka. "Boss, hii ni ya watoto wa nasari?" Nikamwambia pia atoe ule ubao unaopita chini ya meza upande wa Mama, mapaja yapate kuingia. Akatingisha kichwa, lakini alikata.

Goti bado linauma; meza si dawa. Unga anaokanda siku hizi si mwingi kama wa zamani. Lakini analala, na saa kumi na moja alfajiri jiko linawaka. Meza yenyewe si ya kupiga picha. Mimi nikikaa hapo magoti yanagonga, na wageni huuliza kama ni stuli. Poa tu. Haikutengenezewa mimi wala wageni.

Juzi jirani anayeuza sukuma iliyokatwa alikuja kuiangalia. Akaikalia, akaipapasa, akasema anataka kama hiyo hiyo, inchi 23. Nikamwambia hapana, mama. Kwanza keti hapa na kisu chako, nione unavyokata.