Merti: Hapa mtu na ndege huitana

Mpenzi msomaji, jina la Merti likitajwa redioni, aghalabu huwa ni kwa sababu ya ukame, mafuriko au ng'ombe walioibwa. Leo nakuomba uvae viatu vigumu, ufunge kitambaa kichwani, tufuatane huko kwa sababu nyingine kabisa. Tunakwenda kumtafuta ndege mmoja mdogo wa kijivu, asiye na urembo wowote wa kujivunia, ambaye amewashangaza wataalamu wa dunia nzima.

Kutoka Nairobi hadi Isiolo safari ni raha mstarehe. Barabara ni lami tupu, nayo inaendelea hivyo mpaka Archer's Post, unapovuka daraja la mto Ewaso Nyiro. Baada ya hapo lami inashika njia ya kaskazini kuelekea Marsabit na Moyale. Wewe unaiacha, unageukia mashariki, na hapo ndipo utakapojua kwa nini wenyeji hawaulizi Merti ni kilomita ngapi. Wao huuliza utalala wapi gari likikwama.

Letu lilitoboka gurudumu mara mbili. Mara ya pili jua lilikuwa utosini, na kivuli kilikuwa kile cha gari lenyewe. Utingo, kijana asiyezidi miaka ishirini, alipomaliza kukaza nati aliniona nikiyatazama mavumbi kama mtu aliyepoteza pete.

"Dada, huyu hapa ni fisi, amepita usiku," akaniambia akionyesha kwa kidole cha mguu. "Hawa ni ngamia, na mmoja anachechemea. Na huyu ni punda milia, lakini si yule wa Nairobi."

Nilipoinua macho nikawaona kweli, wanne, mbali kidogo: masikio makubwa ya duara na mistari myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu. Huyo ni punda milia wa Grevy. Jina hilo lina kichekesho chake. Mwaka 1882 mtaalamu Mfaransa, Émile Oustalet, alimwandika mnyama huyu katika vitabu vya sayansi, akampa jina la rais wa Ufaransa wa wakati huo, Jules Grévy, aliyekuwa ametumiwa mmoja na Menelik wa Uhabeshi. Mheshimiwa rais hakuwahi kukanyaga nyika hii. Mwisho wa miaka ya 1970 punda hawa walikadiriwa kuwa kama 15,000. Mnamo Januari 2016 wananchi wa kawaida, wanafunzi na wafugaji wakiwemo, walipewa kamera, wakawapiga picha zaidi ya 40,000 katika kaunti za kaskazini. Kwa kuwa mistari ya punda mmoja hailingani na ya mwingine, kama zilivyo alama za vidole vyetu, picha zile zilihesabika: punda 2,350 katika Kenya nzima.

Nimekusimulia hayo kwa sababu utingo wetu hakuwa ameyasoma popote. Lakini alijua kutofautisha.

Njia inapita Biliqo na Bulesa, na jioni, kiuno kikiwa kimekufa ganzi, unaingia Merti. Ni mji mdogo wa maduka ya mabati, misikiti, shule na mbuzi wengi kuliko watu. Upande mmoja kuna uwanda wa juu wa mawe meusi ya volkano, na upande mwingine kuna mto, ambao Waborana huuita Waso tu. Maji yake yametoka Mlima Kenya na Nyandarua, yakapita mashamba na mbuga, na yanapofika hapa yamechoka na yana rangi ya chai ya maziwa. Kandokando yake imesimama mikoma, ile mitende yenye shina linalogawanyika matawi.

Mbele ya Merti mto huu hauendi baharini. Unamezwa na ardhi katika kinamasi cha Lorian. Mmarekani mmoja tajiri, William Astor Chanler, pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel wa Austria, walikuja kuutafuta mwisho wa mto huu katika safari iliyoanza 1892. Walikuwa wamesikia habari za ziwa kubwa. Walikuta matope na matete. Maporomoko ya mto huo huo yakapewa jina la Chanler hata hivyo, na tohe mmoja wa milimani akapewa pia.

Lakini tulikuja kwa ajili ya ndege.

Kwa Kiswahili huitwa mlembe, na wengine humwita kiongoza-asali. Ana ukubwa wa kukaribia kinega, rangi ya kijivu na hudhurungi, na manyoya meupe pembeni mwa mkia. Tabia za nyumbani kwake hazina la kusifu: jike hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, mathalani keremkerem, na kinda lake huzaliwa na kulabu mdomoni ambazo hulitumia kuwaua makinda ya mwenye nyumba. Chakula anachokipenda ni nta na mabuu ya nyuki. Tatizo lake ni kwamba nyuki hukaa ndani ya miti na mapango, wana sindano, na yeye hana shoka wala moto. Mtu ana vyote viwili, ila hajui nyuki wako wapi. Basi wakafanya ushirika.

Mwenyeji wetu alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mgunga akichonga mpini. Baada ya salamu ndefu, za watu wazima, za watoto, za mifugo na za mvua, nilimweleza lililonileta. Alicheka. Akaingiza mkono katika kikapu akatoa kokwa la mkoma, kavu, jeusi kwa kushikwa, lenye tundu na lililotolewa kiini chake. Akalipuliza. Msomaji, nilishtuka! Mbinja ile ilikata hewa kama kisu, na mbwa wa boma la tatu wakaanza kubweka.

Waborana huiita fuulido. Inaweza kupigwa kwa kokwa kama lile, kwa gamba la konokono au kwa viganja viwili vilivyofumbatwa, na husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja.

"Unamwita," mzee akaniambia. "Akiwa karibu atakuja. Akija, usizungumze sana. Mfuate na umtazame."

Haya ndiyo waliyoyasema wazee wa Kiborana miaka nenda miaka rudi, na wageni wengi waliyachukua kuwa hadithi za kando ya moto. Aliyeamua kuyapima ni mtoto wa jamii hiyo hiyo. Hussein Adan Isack, Mborana, alikuwa mtaalamu wa ndege katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na alimfanya mlembe kuwa somo la shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, alifuatana na warina asali wa Kiborana katika nyika ya kaskazini kwa muda wa miaka mitatu. Hawakutosheka na kusimuliwa. Walipima pembe, umbali, muda na urefu wa miti. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Science la Marekani.

Unadhani walipata nini? Katika eneo asilolizoea, mrina asali asiye na ndege alihitaji kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga wa mwituni. Akiongozwa na mlembe, saa 3.2 zilitosha. Na ndege naye alikuwa na faida yake: asilimia 96 ya mizinga ile asingeweza kuifikia mpaka binadamu aifungue kwa moto na shoka.

La kustaajabisha zaidi ni lugha. Wazee walisema kwamba ndege huwaambia mambo matatu: njia, umbali na kufika. Vipimo vikawaunga mkono. Ndege huruka kuelekea upande uliko mzinga. Baada ya kukutana nawe mara ya kwanza hupotea kidogo, na kadiri mzinga ulivyo karibu ndivyo anavyorudi upesi. Mnaposogea, vituo vyake vinakaribiana na matawi anayotua yanakuwa ya chini zaidi. Mkifika hubadilisha mlio, ukawa laini na wenye mapumziko marefu, kisha hunyamaza. Hapo tega sikio, nyuki utawasikia mwenyewe.

Kuna dai moja ambalo watafiti hawakuweza kulithibitisha. Wazee husema kwamba mzinga ukiwa mbali mno, kama kilomita mbili au zaidi, ndege humdanganya mtu kwa kutua karibu karibu ili asikate tamaa. Isack na mwenzake waliandika kwa unyoofu kwamba hawakupata ushahidi, lakini kwa kuwa mengine yote waliyoambiwa yalikuwa ya kweli, hawakuwa na sababu ya kulitilia shaka hilo. Mimi sentensi hiyo naipenda kuliko tarakimu zote. Ni nadra mtaalamu kukiri kwamba mfugaji ametangulia mbele yake.

Tangu hapo wengine wamefuata. Huko Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita ndege huyu kwa mngurumo wa mdomoni unaoishia kwa mguno. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mwito huo huongeza nafasi ya kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Wahadzabe wa Tanzania, kwa upande wao, hupiga mbinja. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha jambo la ajabu: mlembe wa Uhadzabe huijibu mbinja ya Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mngurumo wa Kiyao, na yule wa Wayao hufanya vivyo hivyo kwa mwito wa kwao. Kumbe ndege huyu hujifunza lahaja ya majirani zake! Na hafundishwi na wazazi, kwani amelelewa na wageni. Anajifunza kwa kusikia watu wakiita.

Sasa, msomaji, jiulize: wasipoita?

Nililibeba swali hilo siku iliyofuata nikizunguka madukani. Sukari imepangwa kwa pakiti, kilo kwa kilo, na chai ya Merti, nakwambia, kijiko karibu kinasimama chenyewe. Nani atatembea siku nzima juani kutafuta utamu unaouzwa hapo kona? Watafiti wa mlembe wamesema tangu zamani kwamba mahali watu walipoacha kumfuata, naye huacha kuongoza.

Wala si sukari peke yake. Wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika kambi, na Merti ilikuwa mojawapo. Waborana huuita wakati ule daaba. Mifugo iliyozuiwa kwenda malishoni ilikufa kwa wingi. Vitabu huhesabu ng'ombe na ngamia waliokufa. Mimi nilimwaza mtoto wa miaka minane aliyefungiwa kambini katika umri ule ule ambao babake alikuwa anafundishwa kusoma nyayo na kusikiliza ndege.

Nilimuuliza mzee kama wajukuu wake wanajua kupiga fuulido. Alinyamaza kidogo.

"Wawili wako shule ya bweni," akasema. "Mmoja yuko Nairobi, anaendesha pikipiki. Huyu mdogo anajua kupuliza, lakini hajui kufuata. Kupuliza ni kelele tu, binti yangu. Kazi iko kwenye kufuata."

Alfajiri ya siku ya kuondoka tulikwenda mtoni, mzee, mjukuu wake huyo mdogo na mimi. Ubaridi ulikuwa bado upo na makundi ya kanga wenye vifua vya samawati yalikuwa yakikimbia mbele yetu kama watoto waliochelewa shule. Mzee akapuliza. Tukangoja. Akapuliza tena, tukasogea, tukangoja. Tulifanya hivyo mpaka jua likaanza kuchoma shingo. Alikuja hondohondo, wakaja njiwa, akaja mwenye mbuzi kuuliza tumepoteza nini. Mlembe hakuja.

"Hakuna maua," mzee akasema bila kusononeka. "Mvua ikinyesha migunga itachanua, nyuki watarudi, naye atarudi. Wewe umekuja kwa kalenda ya Nairobi."

Tulipoagana alinipa lile kokwa. Nilikataa kwa adabu, akasisitiza, akasema mikoma haijaisha. Liko mezani kwangu ninapoandika haya. Mwanangu wa darasa la nne hulichukua akitoka shule na kulipulizia dirishani, ghorofa ya tatu, akitazama juu ya mapaa kwa makini. Hadi leo waliojibu ni mbwa wa jirani na mwenye nyumba.