Nilimjibu Kabla ya Kusoma

Nilimnyamazisha mama mmoja mwenye asili ya Korea ndani ya jumba la kumbukumbu la Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya China, mjini Kobe, Japani, na nilichomwambia hakikuwa kweli. Baya zaidi, niliporudi nyumbani niliwafundisha wanafunzi wangu uongo uleule.

Jumba lenyewe liko Maiko, ukingoni kabisa mwa bahari, karibu na daraja refu la Akashi Kaikyo linalovuka kwenda kisiwa cha Awaji. Lina ghorofa tatu na pembe nane, ingawa wenyeji wamezoea kuliita la pembe sita. Ndani kuna kuta zilizobandikwa karatasi nzito ya rangi ya dhahabu, iliyofinyangwa maua yakainuka, hata ukilaza jicho karibu na ukuta unaona kivuli cha kila jani. Mahali hapo palikuwa pa Wu Jintang, mfanyabiashara wa Kichina aliyemkaribisha Sun nyumbani kwake Machi 1913. Nilisimama ghorofani nikiwaeleza wenzangu wa safari kwamba hapa ndipo Sun alipoketi kula siku ile. Kumbe jengo hilo la pembe nane lilijengwa 1915, baada ya ziara hiyo. Sikuwa nimesoma hata kibao cha mlangoni.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo kutoka mtaa wa Nagata, ambako familia nyingi za Wakorea zimeishi kwa vizazi zikitengeneza viatu. Tulipofika kwenye maelezo ya hotuba ya tarehe 28 Novemba 1924, ile Sun aliyoitoa Kobe juu ya umoja wa Asia, aliniuliza kwa upole: “Mwalimu, wewe unafundisha historia. Siku ile alisema lolote kuhusu Korea?”

Nilimjibu papo hapo. Nikamwambia kwamba mtu mkubwa kama Sun alipotetea wanaoonewa aliwatetea wote, Wakorea wakiwemo, na kwamba si vizuri kumdai kiongozi ataje kila taifa kwa jina. Aliinamisha kichwa kidogo, akatupeleka kwenye picha nyingine. Nilidhani ameridhika.

Nijieleze, si kwa kujitetea. Baba yangu alikula mshahara wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 ambayo Wachina walitujengea wakati wakubwa wengine wa dunia walikataa. Nyumbani kwetu China ilitajwa kwa heshima, na Sun kwangu alikuwa mtu wa ukoo huo. Mtu akimgusa, niliona ananigusa mimi. Basi nikamlinda marehemu dhidi ya swali, nikamwacha aliye hai na kidonda chake.

Mwaka uliofuata niliwasimulia wanafunzi wa kidato cha tano safari hiyo, nikawaandikisha kwamba Sun alisimama Japani akadai uhuru wa makoloni yote ya Asia. Wakaandika. Ilikuwa baadaye sana, nilipokuwa naandaa somo jingine, ndipo nikaisoma hotuba yote.

Ni hotuba yenye nguvu, na bado naiheshimu. Anasimulia jinsi ushindi wa Japani dhidi ya Urusi mwaka 1905 ulivyowapa moyo watu wa mbali, hata Mwarabu mmoja kwenye Mfereji wa Suez akamuuliza kwa furaha kama yeye ni Mjapani. Anazitaja Misri, Uturuki, Uajemi, Afghanistan, Waarabu. Anaitaja hata Nepal. Mwishoni anaitaka Japani ichague kati ya ubabe na haki. Lakini Korea, iliyokuwa koloni la Japani tangu 1910, nchi ya jirani kabisa, hakuitetea. Na ule ushindi aliousifu ndio uliofungua mlango: mwaka uleule wa 1905 Japani iliigeuza Korea kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake, kisha ikaimeza.

Najua alikuwa mgeni, mgonjwa, akitafuta msaada wa Wajapani ili China iondokane na mikataba ya kuinyonya. Alifariki Machi 1925, miezi isiyotimia minne baadaye. Hayo yanaeleza kwa nini alinyamaza. Hayanipi mimi ruhusa ya kusema kwamba hakunyamaza.

Nimejiuliza mara nyingi: kama mtu angesimama Berlin mwaka 1906 akahubiri uhuru wa Waafrika, akaruka vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, kisha mjukuu wa mpiganaji kutoka Songea akauliza kwa nini, nami nikasikia mgeni akimwambia asidai mengi, ningefanyaje? Ningekasirika, na ningekuwa na haki.

Yule mama nimemwandikia. Nimemwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi, kwamba jibu langu lilikuwa la mtu asiyesoma, na kwamba nilimvunjia heshima katika mji wake mwenyewe. Kuwafikia wanafunzi ni vigumu zaidi. Wametawanyika, na wengine sasa ni walimu. Kwa hiyo nawaambia hapa. Kama ulikaa darasani kwangu na bado una daftari lile, kata mstari unaosema Sun alidai uhuru wa makoloni yote ya Asia. Andika kwamba alisema mengi ya haki siku ile, na kwamba Korea hakuitetea. Na kama umekwisha kuwafundisha wengine nilivyokufundisha, waambie nilikosea mimi.